Waliosoma Miswada Yetu

Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi. Serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliikabidhi jukumu zito: Kiswahili kiandikwe kwa namna moja katika shule zote za nchi hizo nne. Tahajia, sarufi na kamusi ndizo kazi zinazotajwa kila historia hii inaposimuliwa. Lakini orodha ya majukumu yake ilikuwa na mambo mengine yanayopitwa haraka mno: kuwatia moyo waandishi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kuzaliwa, kuwashauri wanaokusudia kuandika, kusahihisha Kiswahili cha vitabu kabla havijapigwa chapa, na kujibu maswali ya kila aliyeuliza kuhusu lugha na fasihi yake. Kamati hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, na ndiyo chimbuko la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) iliyopo leo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2030 inatimiza miaka 100.

Historia ya taasisi hii huandikwa kutoka Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, na ni haki yake, kwa kuwa lugha yenyewe ni ya pwani. Makala haya yanaitazama kutoka Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Huku juu, kati ya Ziwa Eyasi na ukingo wa kreta, Kiswahili kimekuja kama mgeni na kikawa mwenyeji. Wengi wetu tulikipata shuleni, sokoni na kanisani, tukiwa na lugha nyingine nyumbani. Kwa hiyo tunamdai au tunamshukuru yule mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye jalada: msomaji wa mswada, mhariri, mtunga kamusi, mhadhiri anayekaa na kazi ya mwenzake hadi ikae sawa. Hao ndio wanaoadhimishwa hapa.

Mwanzo wa kazi

Mjadala ulianza kabla ya 1930. Oktoba 1925 mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam, na miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwa la kuunda chombo cha kusimamia lugha ya vitabu vya shule. Shule zilikuwa zinaongezeka, na kila misheni ilikuwa na Kiswahili chake. Kitabu kilichoandikwa Mombasa kilisomeka kwa taabu Tabora, na cha Unguja kilimkanganya mwalimu wa Nairobi. Juni 1928 wajumbe wa nchi zote walikutana Mombasa, mtaalamu wa lugha za Kiafrika kutoka Ujerumani, Carl Meinhof, akiwapo. Lahaja ya Kiunguja ikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Uamuzi huo uliwaumiza wengi. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na hazina ya ushairi iliyokwisha kukomaa karne moja na zaidi kabla ya mkutano huo, na Mombasa ilikuwa imemlea mshairi Muyaka bin Haji. Kuambiwa kwamba lugha ya mashairi hayo haitakuwa kipimo cha darasani kulionekana kama kunyang'anywa. Aidha, waliokaa mezani kuamua walikuwa Wazungu, wakuu wa elimu na wamisionari, na hata Kamati ilipoundwa, wajumbe wake wa kwanza walikuwa Wazungu watupu. Anayeiadhimisha taasisi kwa moyo safi haruki ukurasa huu. Lugha ilisanifishwa na watu waliojifunza ukubwani, na wenye lugha wakasubiri miaka kadhaa kabla ya kuitwa barazani.

Katibu wa kwanza wa Kamati alikuwa Frederick Johnson, mtumishi wa Idara ya Elimu ya Tanganyika. Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Jina lake limo katika tafsiri za *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, zilizotoka mwaka 1929 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Mwaka 1935 alitoa *Kamusi ya Kiswahili*, kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, iliyomweleza msomaji neno kwa maneno ya lugha ileile. Kisha akaishika kazi ya kupanua kamusi za A. C. Madan kuwa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza. Alifariki mwaka 1937 kabla haijatoka. B. J. Ratcliffe, aliyeshika ukatibu baada yake, aliikamilisha, na mwaka 1939 kamusi ikachapwa na Oxford University Press. Hadi leo watafiti wanaifungua.

Mswada unavyosomwa

Kazi ya kila siku ya Kamati haikuwa na fahari ya kamusi. Ilikuwa kazi ya bahasha na penseli. Mwalimu, kasisi au karani aliyeandika kitabu cha hesabu, hadithi au afya alikipeleka kwa katibu. Katibu aliutuma mswada kwa wasomaji, nao waliupitia mstari kwa mstari: je, tahajia ni ile iliyokubaliwa? Je, maneno yanakatwa mahali panapostahili? Je, upatanisho wa ngeli umefuatwa? Je, mtoto wa Unguja na mtoto wa Bukoba wataelewa jambo moja? Maoni yao yalirudi kwa katibu, yakapangwa, yakatumwa kwa mwandishi. Kitabu kilichopita kilipewa ithibati, na ithibati hiyo ikachapwa ndani ya kitabu, ili mnunuzi na mkaguzi wa shule waone kwamba Kiswahili chake kimekaguliwa.

Tuchukue mfano wa makosa ambayo penseli hiyo ilikutana nayo, maana bado tunakutana nayo. Mwandishi mmoja anaandika "ya ke" na mwingine "yake". Mmoja anaandika "ki tabu" kama vitu viwili, mwingine "kitabu". Huyu anaandika "u-na-soma" akitenganisha kila kiungo, yule anaandika "unasoma". Hakuna kati ya hao asiyejua Kiswahili cha kusema. Wanachokosa ni makubaliano, na makubaliano hayapatikani mpaka mtu mmoja asome kazi za watu wengi kwa jicho lilelile. Leo mwanafunzi wa darasa la pili Rhotia anaandika "kitabu changu" kwa herufi zilezile anazotumia mwanafunzi wa Kisumu au Pemba. Makubaliano hayo yalijengwa mswada kwa mswada.

Kamati pia ilikuwa na jarida lake lililoanza pamoja nayo mwaka 1930. Lilibadilika majina kadiri Kamati yenyewe ilivyobadilika, mpaka likawa *Kiswahili*, jina linalotumika hadi sasa. Humo waliandika wataalamu, lakini humo pia yalijibiwa maswali ya watu wa kawaida kuhusu maneno, methali na desturi. Ni majarida machache Afrika yenye umri huo.

Lawama zilikuwapo. Wapo waliosema kwamba wasomaji wa Kamati waliupiga pasi mswada mpaka ukapoteza ladha, kwamba Kiswahili kilichotoka kilikuwa sahihi lakini hakina uhai wa kinywa cha mtu wa pwani. Lawama hizo zilikuwa na ukweli. Mhariri anayeijua kanuni kuliko anavyoijua lugha huondoa kosa na utamu kwa pamoja. Dawa yake ilipatikana pale wenye lugha walipoketi mezani kama wasomaji na wajumbe. Mkubwa wao ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliyekuwa karani wa serikali kwa kazi na mshairi kwa wito. Alikuwa mjumbe wa Kamati ilipokuwa ikiitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mtu aliyeandika mashairi, insha, riwaya na maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kisicho na doa alikuwa pia mmoja wa wale waliokaa kusikiliza habari za kazi za wengine. Alifariki mwaka 1962, akiwa ameonyesha kwamba usanifu na utamu vinaweza kulala kitanda kimoja.

Kuhamahama, na mtu aliyesikiliza Kiiraqw

Mwaka 1942, vita vikiendelea, Kamati ilihamia Nairobi. Mwaka 1952 ikapelekwa Kampala, kwenye Chuo cha Makerere, na hapo ikaanza kuonja maisha ya chuo kikuu. Mapema katika miaka ya 1960 ikawa Mombasa kwa muda mfupi, kisha ikarudi Dar es Salaam. Kila ilipohama ilibeba mafaili, makabati ya maneno na miswada. Katika kipindi hicho mtafiti J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati za kale za tenzi na nyaraka zilizokuwa zinaliwa na mchwa katika masanduku ya familia. Orodha ya hati hizo, zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, ilichapwa mwaka 1970. Mtafiti wa leo anayetaka kusoma utenzi wa karne ya 19 kwa hati yake ya Kiarabu anaanzia hapo.

Kwetu Karatu jina la kukumbuka zaidi katika kipindi cha Makerere ni la Wilfred Whiteley. Alikuwa katibu wa Kamati katika miaka ya 1950, mhariri wa jarida lake na baadaye mwandishi wa kitabu maarufu cha mwaka 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili hadi kuwa lugha ya taifa. Lakini mtu huyohuyo aliyekesha na miswada ya Kiswahili alikuwa pia anaandika kuhusu Kiiraqw, lugha ya Wairaqw wa huku kwetu. Mwaka 1958, kule Kampala, alichapisha maelezo ya sarufi ya Kiiraqw, pamoja na taarifa za ndugu zake: Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 1993, Maarten Mous alitoa sarufi kamili ya lugha hiyo. Whiteley alikuwa amekwisha kufyeka njia.

Jambo hili lina uzito. Watu wengi hudhani kwamba ofisi iliyokuwa ikisimika Kiswahili ilizipa mgongo lugha nyingine. Whiteley anaonyesha vinginevyo. Huwezi kumhariri vizuri mwandishi ambaye lugha yake ya nyumbani huijui hata kidogo. Ukijua jinsi anavyofikiri kwao, unaelewa kwa nini sentensi yake ya Kiswahili imepinda, na unamsaidia kuinyosha bila kumdharau.

Darasani Karatu

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Karatu, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbulu katika miaka ya 1990, ni moja ya sehemu chache barani ambapo makundi makubwa ya lugha za Afrika yanapigiana hodi. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Wadatoga na Wamaasai wanasema lugha za Kinailoti. Upande wa Ziwa Eyasi, kuelekea Mang'ola, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijapatiwa ndugu yeyote wa hakika. Na upo umati wa Wabantu waliokuja kulima vitunguu Mang'ola, kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani au kufungua maduka na nyumba za wageni kando ya barabara ya Ngorongoro.

Watoto wa watu hao wote wanakaa dawati moja na kuandika insha moja ya Kiswahili. Mtoto wa Kiiraqw ametoka nyumbani na nomino zenye jinsia, kama zilivyo za Kiarabu. Hakuzaliwa na ngeli. Mtoto wa Kimaasai naye amezoea viambishi vya jinsia, vile tunavyoviona katika majina ya mahali kama Oldeani na Engaruka. Wote wawili wakiandika "kitabu yangu" au "miti mrefu", hawakosei kwa uzembe. Wanavuka daraja kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mwalimu anayelijua hilo hasahihishi kwa kalamu nyekundu tu, anaeleza. Na maelezo anayoyatoa, kuanzia jedwali la ngeli mpaka mpangilio wa kamusi iliyo mezani kwake, yamepita mikononi mwa watu wa taasisi hii.

Hata alfabeti ina la kusema hapa. Tahajia ya Kiswahili sanifu haina q wala x. Lakini ukisafiri wilayani Karatu utapita Kata ya Qurus, na majina ya watu na vijiji yenye q, x, hh, sl na tl ni ya kawaida, kwa kuwa Kiiraqw kina sauti ambazo herufi za Kiswahili haziwezi kuzibeba. Shuleni mtoto anajifunza alfabeti moja, na jina lake mwenyewe linadai nyingine. Wahariri waliotulia wamejifunza kuyaacha majina hayo kama wenyewe wanavyoyaandika. Wasiotulia huyageuza kwa k na s, na mtu akaondoka shule na cheti chenye jina ambalo bibi yake hawezi kulitambua.

Kuingia Chuo Kikuu

Mwaka 1964 kazi ya Kamati iliingizwa katika Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kwa jina la Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na cha Dar es Salaam kusimama peke yake, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. TUKI ilizaliwa katika miaka ya matumaini. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, Bunge lilikuwa likikitumia, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilikuwa limeundwa kwa sheria mwaka 1967. George Mhina alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake wa mwanzo, na safari hii wengi wa waliokaa ofisini walikuwa Watanzania waliosoma kwa lugha waliyokuwa wanaichunguza.

Kazi kubwa ya kizazi hicho ni *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981. Kabla ya kompyuta, kamusi ilikuwa kazi ya kadi. Mtafiti alisoma gazeti, riwaya au ripoti, akakutana na neno au matumizi mapya ya neno la zamani, akaandika katika kadi neno lenyewe, sentensi lilimotumika na mahali lilipotoka. Kadi zikapangwa, zikalinganishwa, zikabishaniwa. Kidahizo kimoja chenye mistari mitatu kingeweza kuwa na asubuhi nzima ya mabishano nyuma yake. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliwaweka watoto wa neno chini ya mzazi wao, hata ilikubidi ujue *soma* kwanza ndipo umpate *msomaji*. Kamusi mpya ilimwelekea msomaji wa kawaida, aliyefungua kitabu akitafuta neno kama anavyoliona, na ikamweleza kwa Kiswahili, bila kumpitisha Kiingereza.

Kutoka hapo taasisi ilitoa kamusi kwa mfululizo: ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, pamoja na ya isimu na lugha mwaka huohuo, ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996, ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 2001, ya tiba mwaka 2003. Majina ya watu waliozibeba kazi hizi yanajulikana kwa wanafunzi wa Kiswahili popote: David Massamba katika isimu na historia ya lugha, James Mdee na John Kiango katika utungaji wa kamusi, Mugyabuso Mulokozi katika fasihi na uhariri, ambaye pia aliiongoza taasisi. Mulokozi mwenyewe ni mshairi na mwandishi wa tamthilia. Ni urithi uleule wa Shaaban Robert: mwandishi anayesoma kazi za waandishi.

Katika miaka hiyo kazi moja ya zamani ilihama. Ithibati ya lugha katika vitabu vya shule ilikuwa mikononi mwa BAKITA, na hilo lilikuwa sawa, maana taasisi ya chuo kikuu si ofisi ya mihuri. Lakini pamoja na muhuri likahama pia lile jukumu la karibu yake, la kumshika mkono mwandishi anayeanza. TUKI ilibaki na utafiti, kamusi na majarida. Wachapishaji walichukua wahariri wao. Mwandishi wa mjini aliyekuwa karibu na mchapishaji au mhadhiri alisaidika. Yule wa Endabash au Nainokanoka, mwenye daftari lililojaa hadithi za babu yake, alibaki bila anwani ya kuandikia.

Mahali panapoandikwa na wengine

Pengo hili linaonekana wazi zaidi Ngorongoro kuliko mahali pengi nchini. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, ilipotengwa na Serengeti, nayo ina kilomita za mraba 8,292 za kreta, nyanda, misitu na watu. Ni eneo lililoandikwa sana, lakini karibu kila aliyepata umaarufu kwa kuliandika hakutumia Kiswahili. Bernhard na Michael Grzimek, waliozikwa pale ukingoni mwa kreta, waliandika kwa Kijerumani. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi mkuu katika miaka ya mwanzo, aliandika kwa Kiingereza kitabu chake cha 1972. Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyelipata fuvu la binadamu wa kale, Zinjanthropus, tarehe 17 Julai 1959, na ambaye timu yake ilifukua nyayo za Laetoli mwishoni mwa miaka ya 1970, aliandika kwa Kiingereza. Na kijana wa Kimaasai wa upande huu, Tepilit Ole Saitoti, aliyekuwa askari wa hifadhi kabla ya kwenda kusoma ng'ambo, alitoa tawasifu yake mwaka 1986 Marekani, kwa Kiingereza. Ni kitabu kizuri. Lakini mzee wa Nainokanoka anayejua Kimaasai na Kiswahili tu hawezi kukisoma, ingawa kinamhusu yeye.

Bonde la Oldupai linatukumbusha gharama ya kuandikwa na asiyesomewa mswada wake. Wamaasai huliita mahali hapo kwa jina la mkonge-pori, *oldupai*. Mwaka 1911 alifika daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, na tangu safari za Wajerumani jina likaandikwa *Olduvai*, kwa v. Hans Reck alikuja mwaka 1913, Louis Leakey mwaka 1931, na kila mmoja akalibeba lilivyoandikwa. Kosa la herufi moja likaingia katika majarida ya sayansi, vitabu vya shule na ramani za dunia, hata zana za mawe za kale sana zikapewa jina lake. Angekuwapo wakati ule msomaji mmoja anayejua Kimaasai, akauona mswada mmoja tu, kosa hilo lingekoma palepale. Leo jina Oldupai linazidi kuandikwa inavyotakiwa, baada ya karne nzima.

TATAKI na karne ya pili

Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Utafiti na ufundishaji vikarudi chini ya paa moja. Aldin Mutembei ni miongoni mwa walioiongoza. Mwaka huohuo mradi wa Chuo Kikuu wa lugha za Tanzania ulitoa *Atlasi ya Lugha za Tanzania*, ambamo Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe na Kimaasai zimepata nafasi zake kwenye ramani ya nchi. Tasnifu za uzamili na uzamivu huandikwa kwa Kiswahili, na nyuma ya kila tasnifu kuna msimamizi aliyeisoma sura kwa sura, akaandika pembeni, akairudisha, akaisoma tena. Hiyo ni ileile kazi ya mwaka 1930, ila mezani kwa mhadhiri.

Nje ya mipaka yetu, vyuo vikuu vingi vimeipa kazi hiyo ofisi yake. Marekani, maabara ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue ilifunguliwa mwaka 1976 chini ya Muriel Harris, na Afrika Kusini vituo vya uandishi vilienea vyuoni katika miaka ya 1990, milango ya elimu ilipofunguliwa kwa wote. Kanuni yao ni moja: mkufunzi hamwandikii mwandishi. Anakaa naye, anasoma kwa sauti, anauliza "ulitaka kusema nini hapa?", na anamwacha atengeneze mwenyewe. Wasomaji wetu wa miswada walikuwa na kazi ya jinsi hiyo miaka mingi kabla, tena walivuka ukuta wa chuo: walimhudumia mwalimu wa kijijini na karani wa boma, si mwanafunzi aliyelipa ada peke yake. Tusione haya kuidai heshima hiyo, na tusikubali ipotee.

Dunia nayo imetuongezea sababu. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kuanzia mwaka 2023 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewapa waandishi wapya jukwaa na fedha. Tuzo humpokea mwandishi akiwa amekwisha kuandika. Kabla ya tuzo anahitaji msomaji.

Kwa hiyo, maadhimisho ya mwaka 2030 yasiishie kwenye hotuba na keki Mlimani. Jukumu lile la kuwasaidia waandishi lirudishwe kwa jina lake, na lipelekwe mahali ambapo Kiswahili kinaandikwa na watu waliokipata shuleni. Karatu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ipo njiani, ina shule za sekondari, ina walimu wa Kiswahili waliohitimu, na waongoza watalii wanaopita Lango la Lodoare kuingia Ngorongoro kila siku wana vichwa vilivyojaa habari za wanyama, mimea na wazee. Chumba kimoja katika maktaba ya shule, kamusi zote za taasisi, wahadhiri wawili wanaokuja likizo ya chuo, na walimu wa hapa waliofunzwa kuwa wasomaji wa miswada mwaka mzima: hayo yanatosha kwa mwanzo. Mtu alete daftari lake la visa vya Wairaqw, barua yake ya maombi, mswada wake kuhusu ufugaji wa nyanda za juu au kumbukumbu za bibi yake, na apate mtu wa kuusoma kwa makini na kumwambia ukweli.

Wakati huo Frederick Johnson, Ratcliffe, Whiteley, Shaaban Robert, Mhina, Massamba, Mulokozi, na wasomaji wote waliokosa jina kwenye jalada, watakuwa wameadhimishwa kwa kazi, ambayo ndiyo maadhimisho pekee waliyoyazoea. Na vitabu vya Ngorongoro vitaanza kuandikwa na watu wa Ngorongoro, kwa lugha ambayo jirani zao wanaisoma.